Tairi la Nyuma la Bajaji ni la Nani? Barua ya Wazi kutoka Ukanda wa Dhahabu

Kwa: Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), Kikosi cha Usalama Barabarani, Shirika la Viwango Tanzania (TBS), Maafisa Madini Wakazi wa Geita, Kahama na Shinyanga, na wamiliki wa bajaji na maguta.

Waheshimiwa,

Kuna ubishi usiokauka kwenye vijiwe vya bajaji, kuanzia Shinyanga mjini hadi Kahama, Kakola, Katoro na Geita. Tairi la nyuma likiisha, nani anunue? Dereva anasema ni la tajiri, kwa kuwa chombo ni chake. Tajiri anasema ni la dereva, kwa kuwa yeye ndiye anayelimaliza. Wakati wawili hao wanavutana, tairi lenyewe linaendelea na kazi. Mistari inafutika, nyuzi zinaanza kuchungulia pembeni, na nyuma ya dereva amekaa mama aliyetoka kliniki na mtoto mgongoni, pamoja na wanafunzi waliochelewa shule.

Barua hii inakuja kwenu nyote kwa pamoja kwa sababu tairi kipara halitokani na uzembe wa mtu mmoja. Linaanzia kwenye makubaliano ya tajiri na dereva, linachoshwa na mzigo usiopimwa, linanunuliwa kwenye duka lisilokaguliwa na kufungwa na fundi ambaye hakuna aliyemfundisha hatari ya rimu anayoishika. Likifika barabarani, anayeulizwa ni dereva peke yake.

Bajeti ya mwaka 2021 ilipunguza faini ya makosa ya barabarani kwa pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi shilingi 10,000 kwa kosa moja. Ulikuwa uamuzi wa haki. Kijana anayeamka saa kumi na moja alfajiri kutafuta hesabu hakustahili kulipa sawa na mwenye lori. Lakini faini hiyo, kubwa au ndogo, humwangukia aliyeshika usukani, wakati fedha ya tairi mara nyingi iko kwa mtu mwingine ambaye hata hakuwepo. Tena, kwa bei za leo, faini ni ndogo kuliko bei ya tairi jipya. Dereva anailipa, anarudi barabarani na tairi lilelile, na kesho yake anaomba Mungu asikutane na askari yuleyule. Kosa limelipiwa na hatari imebaki palepale.

Ili kuona kwa nini tairi linacheleweshwa, ni lazima kuangalia jinsi kazi yenyewe inavyogawanywa. Kwenye hesabu, dereva anapeleka kwa tajiri kiasi walichokubaliana kila siku na kinachobaki ni chake. Kwenye mkataba, analipa kidogokidogo hadi chombo kinakuwa mali yake. Makubaliano mengi ni ya mdomo. Mafuta yanajulikana ni ya dereva, na injini ikigoma kabisa inajulikana ni ya tajiri. Tairi limeachwa katikati. Tairi jipya moja linaweza kumeza hesabu ya siku kadhaa, na kwa mtu wa mkataba kila shilingi inayokwenda dukani inaisogeza mbali siku ya kukabidhiwa kadi ya chombo. Ndipo linapozaliwa jibu ambalo kila dereva wa ukanda huu amelisikia: maliza wiki hii kwanza.

Wiki hiyo ina gharama yake. Tairi lililoisha linapitisha miiba kirahisi, na Shinyanga, ambayo ilirudishiwa migunga yake kwa juhudi kubwa za mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) tangu 1986, haikosi miiba. Pancha za kila siku chache zinakula fedha na muda, tyubu inajaa viraka, na asubuhi nzima ya abiria inaishia kwenye benchi la fundi pancha. Wote wawili wanapoteza, tajiri na dereva, kwa kuahirisha kitu ambacho lazima kitanunuliwa.

Kwa nini hasa la nyuma? Kwenye bajaji, abiria wanakalia karibu juu ya ekseli ya nyuma, na injini nayo iko huko huko. Kwenye guta, bodi lote la mzigo limelala juu ya springi za nyuma. Gurudumu la mbele linaongoza, lakini mawili ya nyuma ndiyo yanayobeba sehemu kubwa ya uzito na ndiyo yanayosukuma chombo. Kila dereva anapoondoka kwa nguvu kwenye changarawe, ni matairi hayo yanayokwaruza. Kila anapofunga breki akiwa na mzigo, yanakwaruza tena.

Fundi mzoefu huyasoma matairi kabla ya kuuliza swali lolote. Likiliwa katikati, lilikuwa linajazwa upepo kupita kiasi. Likiliwa kingo zote mbili, upepo ulikuwa mdogo au mzigo ulikuwa mkubwa, na mara nyingi yote mawili. Likiliwa upande mmoja tu, kuna bushi zilizokwisha au ekseli iliyopinda, na tairi jipya likifungwa hapo litaliwa vilevile. Maguta yanayotoka machimboni yanaonyesha zaidi alama ya pili, ya kingo, na hapo ndipo barua hii inapowageukia Maafisa Madini.

Chukulieni guta lenye bodi la urefu wa mita 1.5, upana wa mita 1.1 na kina cha sentimita 30. Hiyo ni karibu nusu mita ya ujazo. Likijazwa mahindi ya punje hadi ukingoni linabeba takriban kilo 350. Likijazwa mawe ya dhahabu yaliyovunjwavunjwa, kwa ujazo uleule, linabeba karibu kilo 800. Kwa macho mizigo hiyo inalingana, na bodi halijapitiliza hata kidogo, lakini matairi yamebeba zaidi ya mara mbili. Pale ambapo malipo yanahesabiwa kwa kiroba au kwa tripu, dereva anayetoa mawe kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, ya Nyarugusu, Rwamgasa au Mwakitolyo kwenda kwenye karasha la kusaga mawe hana sababu ya kifedha ya kuacha kiroba kimoja chini. Akikiacha, mwenzake atakipakia.

Tangu soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa mwaka 2019, mchimbaji mdogo anapimiwa dhahabu yake kwa mzani wa gramu. Ni hatua iliyoheshimu jasho lake. Mkulima wa pamba wa mkoa wa Shinyanga naye anapimiwa kwenye chama chake cha ushirika (AMCOS), kilo kwa kilo, kabla ya kulipwa. Katikati ya duara na soko, hata hivyo, kuna safari ya mawe ambayo mara nyingi haipimwi. Mawe yanahesabiwa viroba, na viroba havilingani. Mzani wa kawaida wa jukwaa, wa aina inayotumika kwenye maghala ya nafaka, ukiwekwa kwenye kila eneo lenye makarasha, ungemwezesha dereva kulipwa kwa kilo na kujua anapotakiwa kusimama. Dereva akilipwa kwa kilo, tripu mbili za kilo 400 zinamlipa sawa na moja ya kilo 800. Mafuta yatazidi, na barua hii haifichi hilo. Ndiyo maana bei ya kubeba kilo moja inapaswa kupangwa mezani na madereva wenyewe wakiwepo, siyo kutangazwa tu na mwenye karasha.

Kuna jambo jingine ambalo linaonekana dogo lakini linamaliza vyombo vingi: kununua tairi moja. Fedha ikipatikana nusu, linanunuliwa tairi moja la nyuma, linafungwa upande ulioharibika zaidi, na la pili linaachwa na upara wake. Tairi la bajaji la 4.00-8 lina kipenyo cha kama inchi 16. Moja likiwa jipya na jingine limepungua milimita 5 za unene, lile lililoisha linalazimika kuzunguka takriban mara 20 zaidi kwa kila kilomita ili liende sawa na mwenzake. Kwa kilomita 73 za kutoka Kahama hadi Kakola, hiyo ni zaidi ya mizunguko 1,400 ya ziada. Tofauti hiyo inabebwa na difu. Difu imetengenezwa kwa ajili ya kona, ambako gurudumu la nje hukimbia kuliko la ndani kwa muda mfupi tu. Hapa inafanyishwa kazi ya kona kwenye barabara iliyonyooka, kutwa nzima. Chombo kinavuta upande mmoja, na kwenye breki za ghafla kinavuta zaidi. Matairi ya nyuma yanunuliwe mawili kwa pamoja. Fedha ikikosekana kabisa, lililobaki nyuma liwe limechakaa karibu sawa na linaloletwa, na jipya lisubiri mwenzake.

Halafu kuna kufunga kwenyewe. Hapa barua inaomba subira ya wasomaji, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Rimu za bajaji nyingi, na za baadhi ya maguta, zimetengenezwa kwa vipande viwili vya chuma vilivyobanwa pamoja kwa nati. Kuna nati zinazoshikilia gurudumu kwenye haba, na kuna nati nyingine zinazoshikilia vipande hivyo viwili. Fundi chipukizi asiyejua tofauti, au fundi mzoefu mwenye haraka na foleni ya wateja, anaweza kufungua nati za rimu wakati tairi bado lina upepo. Vipande vinaachana kwa nguvu ya upepo wote uliofungiwa ndani, na kipo chuma kinachoruka kuelekea uso au mkono ulioshika spana. Kinga yake haihitaji fedha. Tairi litolewe upepo wote kwanza, valvu ifunguliwe hadi kusisikike hata mlio mdogo, tairi libonyezwe kwa mguu kuthibitisha, ndipo spana iguse nati za rimu. Wakati wa kufunga, utaratibu ni huohuo kinyumenyume: nati za rimu zinakazwa zote kabla ya kuweka upepo.

Kabla ya hapo kuna kunyanyua chombo. Vijana wawili wanaweza kuilaza bajaji ubavu, na wengi hufanya hivyo kando ya barabara kwa sababu jeki haipo. Mafuta yanamwagika, maji ya betri yanamwagika, na chombo kinakuwa kimeegemea bega la mtu wakati mwenzake yuko chini. Namna salama inajulikana na kila fundi: ardhi iliyo sawa na ngumu, gia imeingizwa, mawe mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, nati zilegezwe kidogo gurudumu likiwa bado ardhini, na jeki iwekwe chini ya ekseli au mkono wa gurudumu, kamwe isiwekwe kwenye bati la bodi. Tairi jipya lipewe tyubu mpya, kwa sababu tyubu ya zamani imeshatanuka na hujikunja ndani ya tairi jipya na kupasuka mahali palipokunjika. Kutu ndani ya rimu isuguliwe. Mshale wa uelekeo ukiwepo ubavuni uangaliwe. Nati zikazwe kwa kuruka upande hadi upande mwingine, siyo kwa kuzunguka duara. Baada ya mwendo wa kwanza, chombo kirudi zikazwe tena. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayosahauliwa kuliko zote, na gurudumu linalochomoka njiani huwa linaanzia hapo.

Waheshimiwa wa TBS, upande wenu ni dukani. Tanzania iliwahi kutengeneza matairi yake kwenye kiwanda cha General Tyre, Arusha, kilichosimamisha uzalishaji mwishoni mwa miaka ya 2000. Leo tairi la bajaji linalouzwa Kahama limevuka bahari, hasa kutoka India au China, na utaratibu wenu wa kukagua bidhaa kabla hazijapakiwa melini umekuwepo tangu 2012. Lakini kati ya bandari na kibanda cha Katoro kuna mikono mingi. Yapo matairi yaliyokaa juani miaka mingi. Mnunuzi anaweza kuyatambua, iwapo ataambiwa pa kuangalia: ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye 3518 lilitoka kiwandani wiki ya 35 ya mwaka 2018, hata kama muuzaji ameling'arisha likawaka. Vilevile kuna alama ya nguvu ya tairi, 4PR, 6PR au 8PR, na namba ya uzito linaoweza kubeba: 70 ni kilo 335, 75 ni kilo 387, 80 ni kilo 450. Mwenye guta la mawe anayeuziwa tairi la 4PR kwa sababu ni rahisi ameuziwa hasara, na hajui.

Mbaya zaidi ni matairi ya kuchonga. Tairi lililokwisha linachukuliwa, linachorwa mistari mipya kwa kisu cha moto, na kurudishwa sokoni likionekana lina meno. Mistari hiyo imechimbwa kwenye mpira mwembamba uliokuwa ukizilinda nyuzi. Yapo matairi ya malori yaliyotengenezwa kwa ajili ya kuchongwa upya na yameandikwa hivyo ubavuni. Haya madogo ya magurudumu matatu hayakutengenezwa kwa ajili hiyo. Nafasi nzuri ya tairi lililokufa katika ukanda huu inajulikana tangu zamani: linakatwa viatu vya makatambuga, na mafundi wake wanajua kulitumia hadi kipande cha mwisho. Ukaguzi wa TBS ukipita kwenye vibanda vya Katoro, Kakola na Kahama, na siyo kwenye maduka makubwa ya mjini peke yake, utakutana na matairi ambayo yangepaswa kuwa makatambuga.

LATRA ina nguvu ambayo wengine hawana, kwa sababu leseni ya usafirishaji inapita mikononi mwake. Tangu ilipochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, imekuwa ndiyo mlango wa kila bajaji inayobeba abiria. Barua hii inaiomba iongeze mstari mmoja kwenye maombi ya leseni, unaosainiwa na mmiliki na dereva: matairi ya nyuma yananunuliwa na nani, na kwa utaratibu gani. Wakikubaliana tajiri anunue, iandikwe. Wakikubaliana kuwa dereva anaweka akiba kila siku na tajiri anaongeza nusu, iandikwe pia. Ubishi wa kijiweni ungepata karatasi ya kuamulia. Mstari huo hauhitaji sheria mpya ya Bunge.

Kikosi cha Usalama Barabarani nacho kinaombwa kitu kinachowezekana. Askari akikuta tairi kipara, aandike na jina la mmiliki, na ampe dereva siku za kurudi na tairi jipya kwenye kituo kilekile. Tairi ambalo nyuzi zimetokeza lisipewe siku hata moja, chombo kiegeshwe hapohapo. Kipimo cha kina cha mistari nacho kitangazwe kwa milimita. Uingereza, kwa mfano, inataka mistari ya tairi la gari dogo isipungue milimita 1.6, na ya pikipiki milimita 1. Kipimo kikijulikana kijiweni, dereva anaweza kujipima mwenyewe kabla ya kupimwa, na anaweza kumwonyesha tajiri wake kipimo badala ya kumwomba.

Halmashauri hazikutajwa mwanzoni, lakini zina mkono hapa kupitia mikopo ya asilimia 10, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo ilisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Kikundi cha vijana kinapokopeshwa bajaji, bei ya chombo inahesabiwa na bima inahesabiwa. Jozi ya pili ya matairi ya nyuma iingizwe kwenye hesabu hiyo tangu siku ya kwanza, kwa kuwa itahitajika kabla mkopo haujaisha. VETA, ambayo tayari ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, ingeweza kuwafikia mafundi pancha wa barabara ya Kahama hadi Geita na somo moja tu la rimu za vipande viwili. Somo hilo linaweza kumalizika kwa asubuhi moja chini ya mti.

Kwa wamiliki, wengi wao walimu, wauguzi, wafanyabiashara na wachimbaji waliopata kidogo wakawekeza, barua hii haiwaoni kama maadui wa dereva. Chombo ni akiba yao. Difu iliyokufa kwa sababu ya tairi moja jipya na moja kipara inawagharimu wao, na vilevile ekseli iliyopinda kwa kilo 800. Wanaombwa kwenda kijiweni, kuinama nyuma ya chombo chao na kupitisha kidole kwenye matairi yote mawili, walau mara moja kwa mwezi, badala ya kusubiri hesabu kwenye simu.

Mvua za ukanda huu kwa kawaida huanza Novemba, na udongo mweusi wa mbugani ukilowa hausamehe tairi lisilo na mistari. Majibu ya kila ofisi iliyotajwa hapa yanaombwa kwa maandishi kabla ya mwezi huo, na nakala zibandikwe kwenye vijiwe vya Shinyanga, Kahama, Kakola, Katoro na Geita, kwa Kiswahili, zikionyesha kipimo cha milimita kitakachotumika, tarehe ambayo mstari wa matairi utaingia kwenye maombi ya leseni, na makarasha yatakayokuwa ya kwanza kuwekewa mizani.